Kizunguzungu Unachonificha

Kambi ya wafanyakazi ya Panda, jioni ya mwisho kabla ya treni yako

Numbi,

Usitafute machozi katika karatasi hii. Nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo, maana nikingoja hasira iishe utakuwa umefika Kolwezi na umeota mvi. Hii ni wiki ya tatu unanijibu kwa kutikisa kichwa. Unapita mbele yangu na ndoo ya maji kana kwamba mimi ni kiti. Sawa. Mdomo umeufunga, lakini macho unayo, na barua hii utaisoma hata kama ni kwa kunidharau. Masista wa foyer, ile shule ya wake za wafanyakazi, walinifundisha kushona na kuandika. Kushona nimekushonea vya kutosha. Leo naandika.

Sitakuambia habari ya kufua, ya kusali, wala ya wavulana wa chuo cha ualimu. Hayo unayajua, na kama huyajui basi nilipoteza pumzi yangu miaka kumi na minane. Nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja tu, kile unachokificha.

Jumanne uliinama kupuliza makaa kwenye jiko la mbabula. Ukainuka haraka, rangi ikakutoka usoni, ukashika ukuta wa jikoni kwa mikono miwili na kungoja. Kisha ukageuka kuangalia kama nimeona. Nilijifanya nachekecha unga. Niliona, Numbi. Niliona na juzi, ulipokaa chini bombani ukisema unafunga kamba ya kiatu, na miguuni ulikuwa na kandambili. Unadhani unamdanganya nani? Nilitaka kukuuliza, nikakumbuka mara ya mwisho nilipokuuliza nilikuuliza nini. Nikanyamaza. Ujue kwamba kunyamaza kwangu kuliniuma kuliko kelele zangu zote.

Kesho unakwenda Kolwezi, chuoni, na utakaa kwa shangazi yako Ngoie. Umefurahi, hata hufichi. Unajua kwamba mimi na dada ya baba yako hatuzungumzi, na unadhani unajua sababu. Watu wa kambi hii wamekusimulia: eti Ngoie alisema ninamuua kaka yake, eti mimi nilimfukuza kwa ufagio. Ufagio ni uongo. Yaliyobaki nitakueleza mwenyewe, maana sitaki uyasikie kule mezani kwake, katikati ya bukari na samaki, yakiwa yameongezewa chumvi.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikupeleka likizo kwa bibi yako, ndiyo maana hukuona kitu. Baba yako alikuwa anafanya kazi kiwandani, kwenye sehemu ya kukaushia, pale unga wa madini unapopeperuka mpaka mtu anarudi nyumbani na kope za kijani. Wafanyakazi wa sehemu hiyo walipewa maziwa, kila mmoja chupa yake, nao wakaamini kwamba maziwa yanafukuza vumbi mwilini. Nani aliwaambia, sijui. Lakini kambi nzima tuliamini, na mimi niliamini kuliko wote. Mume wangu akileta chupa nyumbani kuwapa wadogo zako, ninamrudishia. Kunywa, nilimwambia, vumbi lishuke.

Mwaka ule mgongo ulimsumbua kwa sababu ya kubeba magunia. Akawa anameza aspirini, asubuhi mbili, jioni mbili, tena kabla ya kula, kwa sababu king'ora cha kiwanda hakingoji mtu amalize chai. Halafu siku moja akaniambia kwa aibu kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami ya barabara, kinanata na kinanuka vibaya. Unajua nilifanya nini? Nilipiga makofi! Nikamwita jirani yetu Mama Kyungu, ambaye mume wake alifanya kazi sehemu ile ile.

“Ile njo vumbi inatoka,” Mama Kyungu akasema. “Maziwa inatumika muzuri. Umufanyie lavement, itoke yote.”

Nikamfanyia. Nilitwanga pilipili na mizizi, nikachemsha, nikajaza ile puto ya mpira ya kusukumia dawa kwa nyuma, ambayo kila nyumba hapa inayo, nikamsafisha tumbo mtu ambaye tumbo lake lilikuwa linavuja damu. Siku ya pili nikamfanyia tena. Alivumilia, maskini, kwa sababu alidhani najua ninachofanya. Nilikuwa na sauti ya mtu anayejua, unaifahamu sauti hiyo.

Akaanza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, alipotoka kitandani. Alisimama, akasema giza, akaenda chini pamoja na meza. Mara ya pili ilikuwa mlangoni, aliporudi kutoka zamu. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio, jasho baridi linamtoka, midomo imepauka. Na mimi mke wake niliyelala naye miaka kumi na mitano, nikasema nini? Kwamba amelewa. Ilikuwa wiki ya posho, wanaume wengi walikuwa wanapitia kwa mama mmoja anayepika lutuku nyuma ya kambi, nami nikaamua kwamba na yeye amepita huko.

“Minye sikunywa kitu,” akasema akiwa chini. “Kichwa njo inazunguluka.”

“Kichwa ya lutuku njo inazunguluka vile!” nikamjibu, kwa sauti kubwa ili majirani wasikie kwamba mimi si mwanamke wa kuchezewa. Nikavuta godoro nje, kwenye baraza, nikamwambia alale huko mpaka pombe imtoke. Sikumnusa mdomo, Numbi. Ni kitu cha kuinama tu na kunusa, na sikuinama.

Ndipo Ngoie akatokea. Wakati ule alikuwa bado anakaa Kikula, anafagia katika nyumba ya wazazi ya hospitali. Alipita kumsalimia kaka yake, akamkuta kwenye baraza mchana kweupe, amejikunja, nzi wanamtembelea. Nilianza kumsimulia mambo ya lutuku. Hakunisikiliza hata neno. Alipiga magoti, akamnusa, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope, mahali panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama unga wa muhogo.

“Huyu haiko mulevi,” akasema. “Haiko na damu. Unamulalisha inje juu ya nini?”

“Weye unajua nini? Unafagia tu.”

“Njo nafagia damu ya bamama kila siku. Naijua.” Kisha akasimama, akanitazama kutoka kichwa mpaka miguu. “Mama Numbi, weye unaua ndugu yangu.”

Alisema hivyo kweli. Hakusema uchawi, hayo watu waliongeza. Alichukua mkokoteni wa mtu wa makaa bila kuomba ruhusa, akamlaza baba yako juu ya magunia matupu, akawaita vijana wawili wasukume, naye akakimbia pembeni ameshika miguu ya kaka yake juu. Mimi nilifuata nyuma kwa mbali. Nilikuwa na hasira, eti ameniaibisha mbele ya kambi.

Hospitalini munganga, daktari wa zamu, akaniuliza choo chake kiko namna gani. Nikamjibu kwa fahari, ndiyo, kwa fahari, kwamba ni cheusi kabisa siku ya nane sasa, kwamba vumbi linatoka vizuri kwa sababu ya maziwa, na kwamba mimi nimesaidia kwa lavement. Akaweka kalamu chini.

“Mama,” akasema, “ile haiko vumbi. Ile ni damu. Tumbo ilipasuka kidonda ndani juu ya ile aspirini, damu ikishuka inakuwa mweusi. Siku munane! Na weye unamuwekea pilipili?”

Walihitaji damu ya kumwongezea. Ngoie akakunja mkono wa blauzi yake kabla hawajamaliza kusema. Damu yake ilikubaliana na ya kaka yake, yangu haikukubaliana. Hata damu ilichagua upande. Baba yako alipona, kama unavyomwona, anakula na kupiga chafya na kugombana na redio. Lakini nitakuambia kitu usichokijua, ingawa umekulia ndani ya nyumba hii. Tangu siku ile baba yako hajawahi kuniambia kwamba anaumwa. Hata jino halijamuuma tangu wakati ule. Akiwa na homa, anakwenda mwenyewe dispensari na kurudi na vidonge mfukoni, anavimeza akiwa amenipa mgongo. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniondolea tu mwili wake, kana kwamba ni chumba na amefunga. Nilimchukia Ngoie kwa sababu ya hilo, maana ilikuwa rahisi kumchukia yeye. Bado namchukia, nisikudanganye. Mtu akiwa na haki mbele ya kambi nzima, halafu hata hajivuni, ni mzigo mzito kumsamehe.

Ungedhani nimejifunza. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kisha yakaja ya kwako, wiki tatu zilizopita. Waliwasimamisha uwanjani tangu asubuhi na vitambaa vyenu vya kijani kwa ajili ya animation, mwimbe na kucheza mbele ya mkubwa mmoja wa chama ambaye alikuwa njiani, bado njiani, bado njiani. Jua la Oktoba, hujanywa hata maji, na hukula kitu kwa sababu mwalimu alisema atakayechelewa ataandikwa. Ukaanguka katika mstari wa pili. Wasichana wakakuleta wamekushika makwapani, miguu inaburuta. Mlipofika uani majirani walikuwa wamejaa, Mama Kyungu mbele yao. Nami sikukupa maji. Sikukulaza. Neno langu la kwanza lilikuwa: “Ni mimba ya nani?”

“Mama, minye siko na mimba,” ukasema.

Nikakushika tumbo mbele ya watu. Nikakupeleka kwa mama mmoja mzee akupapase, ukiwa unalia, na mlango ukiwa wazi. Baba yako aliporudi na kusikia, alikupeleka mwenyewe dispensari bila kuniangalia. Munganga wa huko akakuvuta kope. Alikuuliza juu ya siku zako, ukamwambia mbele ya baba yako jambo ambalo hukuwahi kuniambia mimi: kwamba zinakaa siku tisa, kumi, nguo juu ya nguo, tangu mwaka jana. Damu imekupungukia, na jua na njaa vilikumalizia. Basi. Msichana anavuja mwaka mzima chini ya paa langu, na mimi ninahesabu wavulana.

Kwa hiyo usiniambie kwamba huna sababu ya kuninyamazia. Unayo. Nami nina sababu ya kukukasirikia, maana kuninyamazia mimi ni haki yako, lakini kuunyamazia mwili wako ni upumbavu, na upumbavu huo uliununua kwangu. Unashika ukuta na kusema umeteleza. Munganga alisema urudi baada ya mwezi apime damu tena, na wewe umepanga kuwa Kolwezi. Nilisikia ulivyomwambia baba yako umepona. Hujapona. Mtu aliyepona hafungi kamba za kandambili.

Sasa nisikilize, ukitaka kunja midomo. Nilirudi peke yangu kwa yule munganga Jumatano, nikamwuliza kila kitu, nikakaa mpaka akachoka na mimi. Haya si ya kwangu, kwa hiyo unaweza kuyaamini.

Alisema kuna kuanguka kwa kawaida: kusimama sana juani, njaa, kiu, kuona damu, maumivu, hofu. Masikio yanavuma, macho yanaingia ukungu, jasho linatoka. Hapo usishike ukuta kwa kiburi, ukuta hausaidii. Lala chini papo hapo, hata kama ni barabarani na sketi ni mpya, miguu iwe juu. Na wakikushika makwapani kukusimamisha kama walivyofanya siku ile, waambie wakulaze, maana damu inataka kufika kichwani na wao wanaizuia. Ukiamka kitandani kaa kwanza ukingoni, hesabu kidogo, kisha simama. Ukiwa na kuhara au homa, kunywa maji mengi. Ukipewa kinini ya malaria na masikio yakalia na kichwa kikazunguka, rudi ukamwambie aliyekupa, usiache kimya kimya na usiongeze. Aspirini usiiguse juu ya tumbo tupu, na kwa maumivu ya siku zako usiiguse kabisa mpaka uulize, maana inazidisha kutoka damu.

Vile vidonge vya chuma alivyokupa, umeze. Vitakifanya choo chako kiwe cheusi, hilo ameniambia, usishtuke. Lakini kikiwa cha kunata kama lami na kunuka vile nilivyokuandikia juu, au ukitapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, usikae kuchunguza ni chuma au ni nini. Nenda siku ile ile, saa ile ile.

Nenda pia mbio kama umeanguka ukiwa unakimbia au ukiwa umekaa tu bila sababu, kama kifua kinauma au moyo unaruka ovyo, kama pumzi inakwisha, kama umegonga kichwa, kama mwili umetetemeka au umechelewa kuzinduka, kama ulimi umekuwa mzito au mkono mmoja umelegea. Ukianguka mara kwa mara hata bila hayo yote, nenda. Nami naona tayari umeshaanguka mara kwa mara.

Na hili la mwisho limenichukua nusu saa, kalamu hewani. Siku moja inaweza kuwa mimba kweli. Niliuliza na hilo. Alisema mwanamke ambaye siku zake zimechelewa, akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo na kuzimia, anaweza kuwa anatoka damu ndani bila mtu kuiona nje, na akingoja mpaka asubuhi hafiki asubuhi. Nilitoka pale nikasimama kwenye kivuli cha ukuta nikiwaza jambo moja. Kwa kuwa nilikuaibisha kwa mimba ambayo hukuwa nayo, utaificha ile utakayokuwa nayo. Utalala chumbani kwako Kolwezi umebana tumbo na kuuma shuka ili mama yako asiwe alisema kweli. Numbi, usife kwa ajili ya kunishinda. Umeshanishinda. Kama ni mimba, ni mimba, iseme, piga kelele, wakupeleke. Ningependa uwe hai na mimi niwe na la kusema kuliko kukuzika nikiwa sina neno.

Siombi kwamba uniambie mimi. Kutoka Kolwezi barua inakaa wiki mbili njiani, na hata ungekuwa chumba cha pili, najua usingeniambia, kama unavyofanya sasa hivi: nakusikia unafunga sanduku, unakaa, unapumzika, unafunga tena. Sanduku dogo vile halitaki kupumzikiwa mara nne.

Kwa hiyo nimefanya kitu nilichoapa nisingekifanya mpaka kaburini. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa mara mbili, haina gundi. Ni ya Ngoie. Mpe mkononi mara tu utakaposhuka stesheni, kabla hamjaanza kusalimiana habari za nyumbani. Unaweza kuisoma, ni fupi. Niliandika ndefu kwanza, nikajitetea ukurasa mzima, nikaichoma. Iliyobaki inasema:

“Ngoie, ulisema kweli juu ya ndugu yako. Minye sikuinama. Sasa mutoto naye anaanguka, na anaficha. Akikuambia ni mzima, usimwamini, muvute kope. Mupeleke ku munganga mwanzo ya wiki, na siku ingine yote akianguka, mupeleke mbio, usiulize kosa yake. Usiningojee.”

Mama yako